Mlinda Mlango

Kocha wa Nyakato alimpima mwanangu kwa macho, kuanzia miguuni:
"Mrefu huyu. Mweke golini."
Basi. Hayo ndiyo mafunzo aliyopata, miezi minane.
Wenzake wanazunguka koni, wanapasiana, wanafokewa,
Ndaki yuko peke yake katikati ya mawe mawili
anahesabu kunguru juu ya transfoma
mpaka waje kumpiga mashuti kama wapigao ukuta.
Likiingia: "Wewe kipa gani!"
Lisipoingia, hakuna asemaye kitu.

Mimi nauza mitumba, Mlango Mmoja.
Jinzi nzuri naijua kwa kuigusa gizani. Mpira siujui.
Lakini redioni wanamwita mlinda mlango,
na sokoni kwetu mlango unalindwa na mgambo,
na hata mgambo hufundishwa.

Nikaanza kuuliza.
Nyamagana wakaniambia, tuletee mshambuliaji.
Igoma yupo mwalimu mwenye cheti na filimbi mbili;
alisema kipa hafundishwi, kipa ni kipaji,
akacheka, maneno yamemkalia vizuri mdomoni,
kisha akanitajia ada ya kufundisha.
Butimba nilikuta uwanja umelimwa mchicha.

Aliyenielekeza ni mteja, tena mbishi wa bei, ameshika sweta:
"Kuna mwanamke Luchelele, yuko kiwanda cha minofu, zamu ya usiku.
Asubuhi ana makipa wake watatu mchangani.
Usimwite mama. Mwite Nyamizi."

Saa kumi na mbili na nusu. Ziwa lina mikunjo
kama shuka ambalo halijapigwa pasi.
Nyamizi amevaa bado buti nyeupe za kazini, ananuka sangara,
kidole chake cha mwisho kimepinda
na hakusema kama ni kisu au ni mpira.
Nikauliza, mpira uko wapi?
"Kwanza aanguke."

Mwanangu akaanguka asubuhi nzima.
Kwa paja, kwa nyonga, kwa bega,
si kwa kiwiko, kiwiko ni cha kuegemea mezani;
akaanguka kulia akiwa amepiga magoti,
kushoto akiwa amechuchumaa,
mchanga masikioni, mchanga kwenye nyusi.
Na mimi niliyemlea miaka kumi na miwili
kwa neno moja, angalia usianguke,
nilikaa juu ya ndoo nikatazama pembeni.

Wiki ya tatu, mpira.
Wiki ya tano, sauti. "Kipa bubu ni nguzo ya tatu," akasema Nyamizi.
Ndaki, ambaye nyumbani huomba chumvi kwa kunong'ona,
akatoka kuifuata krosi: "Yangu!"
Yangeyange wote wakaruka.

Malipo: elfu tatu kwa wiki,
"na ukipata suruali ya mvua saizi arobaini, usiuze."

Glavu niliipata kwenye belo. Moja. Ya kushoto.
Nilipekua belo lote hadi chini, ya kulia haikuwemo,
labda iko Shinyanga, labda haijawahi kuvuka bahari.
Nikaishona mwenyewe: koti la mvua, sponji ya godoro,
uzi wa nyavu, kwa kuwa wa cherehani ungekatika.

Jana walicheza na watoto wa Mkuyuni. Wamefungwa nne.
La tano lilikuwa linakwenda kona ya juu
na Ndaki akalifuata, lote, mwili mzima hewani,
akalitoa juu ya mtambaa panya kwa ncha za vidole,
vya kulia. Mshono ukaachia.
Sponji ilidondoka taratibu kama manyoya ya kuku.
Hakuna aliyepiga makofi, kona ilikuwa inakuja,
na yeye tayari anawapanga mabeki: wewe huku! nguzo! nguzo!

Usiku nimewasha taa, nashona tena.
Akaja akasimama mlangoni, kiganja kimevimba.
Hakuuliza kama nililiona lile moja.
"Baba, ulinisikia?"
Nilikuwa na uzi kati ya meno.
Nikatikisa kichwa, ndiyo.